"Grandes éxitos": albamu ya kwanza ya Alaska y los Pegamoides inayodhaniwa kuwa mkusanyiko

Ukiandika neno "Bailando" kwenye programu yoyote ya muziki, utaletewa kwanza wimbo wa Enrique Iglesias wa mwaka 2014, ule uliopigwa hata kwetu mpaka watu wasiojua neno la Kihispania wakakariri kiitikio chake. Ukishuka chini kidogo utakutana na "Bailando" nyingine, ya mwaka 1982, yenye besi inayoruka na sauti nzito ya msichana anayeimba bila haraka. Hao ni Alaska y los Pegamoides, kundi la Madrid. Fuata wimbo huo hadi kwenye albamu yake na utafikishwa kwenye kitu kinachoitwa Grandes éxitos, yaani vibao vikubwa.

Hapo ndipo wasikilizaji wengi wanapopotea. Jina hilo ni lile ambalo kampuni za kurekodi hulibandika kwenye mikusanyiko: msanii amefanya kazi miaka kumi, nyimbo zake zilizotamba zinachotwa huku na huku, zinawekwa pamoja na kuuzwa upya. Kwa hiyo msikilizaji makini, yule anayetaka kulijua kundi kupitia albamu zake halisi, anairuka Grandes éxitos na kwenda kuzitafuta hizo nyingine. Atatafuta mpaka achoke. Hii ndiyo albamu ya kwanza ya Pegamoides, na ndiyo ya mwisho. Hakuna nyingine waliyorekodi studio.

Kuna mambo kadhaa yaliyofungamana katika mkanganyiko huu: jina lenyewe, mitindo ya panki na wimbi jipya, hadithi za Uhispania baada ya dikteta Franco, na umaarufu wa baadaye wa mwimbaji aliyesimama mbele. Yafaa kuyafungua moja baada ya jingine, kwa sababu albamu hii inastahili kusikilizwa kwa masikio yanayojua yanachokisikia.

Tuanze na santuri. Enzi hizo kundi jipya halikuanza na albamu. Lilianza na singo, santuri ndogo ya inchi saba inayozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja au miwili kila upande. Singo ilikuwa karata ya majaribio: ikipigwa redioni na kununuliwa, kampuni inatoa fedha za kurekodi albamu, ile santuri kubwa ya inchi kumi na mbili yenye takriban dakika ishirini kila upande. Mkusanyiko huja mwisho kabisa, na mara nyingi kampuni huutoa bila hata wasanii kuingia studio. Pegamoides walitoa singo "Horror en el hipermercado" mwaka 1980, "Otra dimensión" mwaka 1981, na "Bailando" mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 kampuni yao, Hispavox, ikatoa albamu. Muda si mrefu kundi likavunjika. Kwa maisha ya muziki, hiyo ni pumzi moja.

Sasa mitindo. Panki, kwa maana inayotuhusu hapa, ni muziki wa roki uliorudishwa kwenye mifupa yake: nyimbo fupi, kasi kubwa, kodi tatu za gitaa, na imani kwamba huhitaji kusomea muziki ndipo upande jukwaani. Ramones wa New York walitoa albamu yao ya kwanza mwezi Aprili 1976; kule London, Sex Pistols waliibeba imani hiyo mpaka kwenye kurasa za mbele za magazeti kabla mwaka huo haujaisha. Wimbi jipya lilitoka kwenye tumbo hilohilo. Wauzaji wa santuri waligundua kwamba neno panki linawatisha wenye maduka na watangazaji wa redio, na Seymour Stein wa kampuni ya Sire, aliyewauza Ramones na Talking Heads, alikuwa miongoni mwa waliolipigia debe jina la wimbi jipya badala yake. Baadaye jina hilo likapata maana yake: muziki wenye moto wa panki lakini unaoruhusu kinanda cha umeme, midundo ya kuchezeka na nyimbo za mapenzi. Wahispania waliliita nueva ola.

Kwa hiyo swali ambalo watu hulibishania, kama Pegamoides ni panki au ni wimbi jipya, linafanana na ubishi wetu wa miaka ya 1990 na 2000 kama bongo fleva ni hip hop. Mmoja alikuwa anarap, mwingine anaimba, wa tatu anachanganya na zuku, na wote walibebwa na jina moja kwa sababu walikuwa vijana wa mji mmoja, redio zilezile na majukwaa yaleyale. Jina lilieleza zaidi ni nani wanafanya muziki huo kuliko unavyosikika. Pale Madrid ilikuwa vivyo hivyo, na tofauti ya mitindo ilikuwemo ndani ya kundi moja, kama tutakavyoona.

Ili kuona kwa nini vijana wa Madrid waliipokea panki kama mvua baada ya kiangazi, lazima kukumbuka walichokulia. Jenerali Francisco Franco alitawala tangu mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 hadi alipofariki tarehe 20 Novemba 1975. Chini yake kulikuwa na ofisi za serikali zilizokagua nyimbo, zikaamua zipi haziruhusiwi redioni na picha gani haifai kwenye jalada. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1971, Rolling Stones walipotoa albamu yao Sticky Fingers, jalada lake la suruali yenye zipu lilikataliwa Uhispania na kuwekwa picha ya kopo lenye vidole ndani. Na wimbo mmoja unaotaja mofini ukaondolewa na kubadilishwa na mwingine. Kijana wa Madrid alinunua santuri yenye jina lilelile ambalo mwenzake wa London alinunua, akapata kitu tofauti.

Uchaguzi huru wa kwanza ulifanyika tarehe 15 Juni 1977. Katiba mpya ilipigiwa kura Desemba 1978. Kipengele cha sheria kilichoruhusu wapenzi wa jinsia moja kufungwa au kuwekwa chini ya uangalizi kilifutwa mwanzoni mwa 1979, na talaka ilihalalishwa mwaka 1981. Yote haya yanaingia ndani ya miaka ileile ambayo kundi letu linazaliwa, linarekodi na kufa. Yakumbuke tarehe hizo unaposikia mtu akisema muziki huu ni upuuzi wa watoto.

Soko la El Rastro hufunguliwa Jumapili asubuhi katika mitaa ya zamani ya Madrid. Huuzwa nguo za mitumba, vitabu, vyombo vya zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1970 palikuwa pia na vijana waliotandaza vijarida vyao walivyovichora, kuviandika na kuvitoa nakala kwa mashine. Hapo walikutana waliounda Kaka de Luxe mwaka 1977. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 14, Olvido Gara, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1963 na kuletwa Madrid akiwa mtoto. Alijiita Alaska na alipiga gitaa. Wengine walikuwa Fernando Márquez aliyejulikana kama El Zurdo, Carlos Berlanga, Nacho Canut, Enrique Sierra na Manolo Campoamor. Hawakujua kupiga vyombo vizuri na hawakuficha. Mwaka 1978 wakashika nafasi ya pili katika shindano la roki la jiji la Madrid na kurekodi santuri fupi yenye nyimbo chache. Muda si mrefu wakatawanyika. Sierra alikwenda kuwa mpiga gitaa wa Radio Futura; El Zurdo akaunda Paraíso na baadaye La Mode. Kundi lililovuma kidogo sana lilizaa nusu ya makundi ya mji.

Alaska, Berlanga na Canut walibaki pamoja, na mwaka 1979 wakaanza Pegamoides. Alaska akasogezwa mbele kuimba. Berlanga alipiga gitaa na kutunga, Canut akashika besi na kutunga pamoja naye. Akaja Ana Curra kwenye kinanda, ambaye tofauti na wenzake alikuwa amesomea piano kwenye chuo cha muziki. Na mwaka 1980 akaja Eduardo Benavente, kijana mwembamba aliyeanza kwenye drams kisha akahamia gitaa. Washike majina haya mawili ya mwisho, Curra na Benavente, kwa sababu ndiyo ufunguo wa albamu.

Tarehe 9 Februari 1980 ilifanyika tamasha katika chuo cha uhandisi wa barabara na madaraja cha Madrid, kumkumbuka Canito, mpiga drams wa kundi la Tos aliyekufa kwa ajali ya barabarani. Pegamoides walipiga, na makundi ya Nacha Pop, Mamá, Paraíso na wenzao wengine yakapiga pia. Wanahistoria wengi wa muziki wa Uhispania wameifanya siku hiyo kuwa mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa Movida, yaani msisimko wa vijana wa Madrid katika muziki na sanaa. Sina ugomvi na tarehe hiyo, mradi tusisahau kwamba waliopanda jukwaani walikuja kumlilia rafiki, na hakuna aliyewaambia kwamba wanaanzisha kitu.

Katika miezi hiyohiyo Hispavox, kampuni kubwa iliyozoea waimbaji wa nyimbo laini, ilisaini makundi ya vijana kwa mkupuo: Nacha Pop, Radio Futura, Ejecutivos Agresivos na Pegamoides. Na singo ya kwanza ya Pegamoides ilikuwa wimbo kuhusu msichana aliyetoweka ndani ya duka kubwa la vyakula.

Hapa tuna dhana potofu ya kwanza ya kuondoa, ile inayosema panki ya Uhispania ilikuwa muziki wa mapambano dhidi ya udikteta. Franco alikuwa kaburini kabla Kaka de Luxe hawajakutana. Na ukizisikiliza nyimbo zao mashuhuri utakuta duka la "Horror en el hipermercado", utakuta vyombo vya umeme vya nyumbani vinavyowaasi wenye nyumba, utakuta mtu anayetamani kuwa kopo la sabuni ya kufulia ili aonyeshwe kwenye tangazo la televisheni. Wanasiasa hawamo. Wapinzani wa Franco wa kizazi kilichotangulia walikuwa na waimbaji wao, watu wazito waliosimama na gitaa moja na mashairi, na vijana hawa waliwaona wachoshi. Tarehe 23 Februari 1981 Luteni Kanali Antonio Tejero aliingia bungeni na bastola akijaribu kurudisha utawala wa kijeshi. Mwaka uliofuata, kibao kilichowavumisha Pegamoides nchi nzima kilihusu mtu anayeshinda akicheza dansi.

Wapo wanaolitumia hilo kuwashutumu. Mimi naona kinyume. Watu waliokua wakiambiwa na serikali, na kanisa, na hata na wapinzani wa serikali, kwamba kila neno lazima libebe wajibu, walidai haki ya kuimba kuhusu kopo la sabuni. Maduka makubwa yale yalikuwa mageni Uhispania, yalianza kufunguliwa katika miaka ya 1970, na matangazo ya televisheni yalikuwa yameingia kwenye kila sebule. Nyimbo hizi ni picha ya nchi iliyojazwa bidhaa haraka kuliko ilivyoweza kuzielewa, na zimechorwa na watoto waliozipenda bidhaa hizo na kuziogopa kwa wakati mmoja. Hilo nalo ni jambo la kusema, na katika Kihispania cha wakati ule karibu hakuna mwingine aliyekuwa akilisema kwa furaha kiasi hicho.

Dhana ya pili ni kwamba panki hutoka kwenye umaskini tu. Carlos Berlanga alikuwa mtoto wa Luis García Berlanga, mmoja wa waongozaji wakubwa wa filamu wa Uhispania. Wengi wa kundi la Madrid walitoka nyumba zenye vitabu na santuri za kutoka nje, na ndiyo maana waliwasikia Ramones na David Bowie mapema. Panki ya vitongoji ilikuwepo pia, lakini kwingine. Kule Cornellà, pembeni mwa Barcelona, La Banda Trapera del Río walitoa albamu yao mwaka 1979 kutoka kwenye majengo ya wafanyakazi waliohamia kutoka kusini, na hasira yao haihitaji kufafanuliwa. Katika eneo la Basque, kaskazini mwa Uhispania, ambako viwanda vilikuwa vinafungwa na polisi walikuwa kila kona, makundi kama Eskorbuto na La Polla Records yalikuja kuimba siasa kwa ukali miaka michache baadaye. Anayewatafuta wao ndani ya Pegamoides hatawapata, na anayewadharau Pegamoides kwa sababu hawafanani na Eskorbuto anawapima kwa mizani ya mtu mwingine.

Dhana ya tatu inahusu Movida yenyewe. Vitabu vya utalii husimulia kwamba serikali mpya ya kidemokrasia iliwapa vijana uhuru na fedha, na sanaa ikachanua. Meya Enrique Tierno Galván, profesa mzee aliyechaguliwa mwaka 1979, kweli aliupenda msisimko ule na jiji likaja kuufadhili. Lakini tazama kalenda. Chama cha Kisoshalisti cha Felipe González kilishinda uchaguzi wa kitaifa tarehe 28 Oktoba 1982. Kipindi cha televisheni La Edad de Oro, kilichowaonyesha Wahispania wote muziki huu, kilianza Mei 1983. Jarida La Luna de Madrid lilianza mwishoni mwa 1983. Pegamoides walikuwa wameshakwisha. Walichofanya walikifanya kwenye kumbi kama Rock-Ola, iliyofunguliwa mwaka 1981, kwenye baa za mtaa wa Malasaña, na kwenye nyumba ya wachoraji wawili walioitwa Costus, ambako watu walikesha wakichora na kushona mavazi ya jukwaani. Na uhuru wenyewe haukuwa mpana kama unavyosimuliwa. Aprili 1983 wasichana wa Basque walioitwa Las Vulpes waliimba kwenye televisheni ya taifa wimbo wa Stooges waliouwekea maneno yao ya Kihispania kuhusu mwili na starehe. Kipindi kikaondolewa hewani na mashtaka yakafunguliwa.

Turudi ndani ya kundi, kwa sababu huko ndiko maelezo ya albamu yaliko. Kufikia 1982 Pegamoides walikuwa makundi mawili yanayoshiriki jukwaa moja. Upande mmoja Carlos Berlanga, aliyependa disko, nyimbo za zamani za mapenzi na melodia zinazokaa kichwani. Upande mwingine Benavente na Curra, waliokuwa wakizama kwenye panki nyeusi iliyotoka Uingereza, muziki wa Siouxsie and the Banshees na wenzao, wenye gitaa linalokwaruza na maneno ya kaburi, damu na misalaba. Tangu 1981 Benavente alikuwa na kundi lake la pembeni, Parálisis Permanente, na Canut aliliunga mkono mwanzoni. Alaska alisimama katikati. Alivaa kama watu wa Benavente, nywele zilizosimamishwa na wanja mzito, lakini sauti yake ilipata nyimbo zake bora kutoka kwa Berlanga na Canut.

"Bailando" ilizaliwa upande wa Berlanga. Isikilize ukiweka masikio kwenye besi: ni fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na juu yake zinakuja tarumbeta. Gitaa halivumi kama la Ramones. Linakata kidogo kidogo, likiacha nafasi. Alaska anataja mambo anayoyafanya bila kupandisha sauti, wala hajaribu kukuonyesha kwamba ana furaha, na ndiyo maana wimbo haujazeeka. Ulipigwa Uhispania nzima. Kundi ambalo lilikuwa la kumbi ndogo likawa la nchi. Na kundi lililokuwa na nyufa likapewa uzito ambao nyufa hizo hazikuweza kuubeba.

Kwa hiyo albamu ilirekodiwa na watu ambao nusu yao walikuwa tayari wanaangalia mlango. Unaisikia. Wimbo mmoja unakukaribisha ukumbini, unaofuata unazima taa. Kinanda cha Curra, ambacho kwenye nyimbo za kucheza ni rangi tu, kwenye nyimbo nyeusi kinakuwa ndicho kinachoongoza na kukuogopesha. Wakosoaji wanaotaka albamu iwe na sura moja huiona hii kuwa kasoro. Kwangu mimi ndiyo thamani yake: panki na wimbi jipya, ambavyo vitabuni hutenganishwa kwa sura mbili tofauti, hapa vimo kwenye santuri moja vikivutana, na wanaovutana ni marafiki.

Na jina? Mtu akiiita albamu yake ya kwanza Grandes éxitos wakati ana singo tatu tu, anaitania biashara ya muziki kwa lugha ya biashara yenyewe. Vijana hawa walikuwa wameimba kuhusu matangazo na bidhaa tangu mwanzo. Kujiuza kwa lebo ya bidhaa inayouzwa kirahisi kuliko zote ni wimbo mwingine katika mfululizo uleule. Kuna pia usomaji mwingine ambao siwezi kuuepuka nikijua tarehe. Mkusanyiko hutolewa kundi likimaliza kazi. Hawa walikuwa wanamaliza. Kati ya "Horror en el hipermercado" na albamu ilipita miaka miwili tu, lakini kwa kundi ambalo mwimbaji wake alikuwa hajafika miaka ishirini, hayo yalikuwa maisha mazima ya kazi.

Baada ya hapo kila upande ukaenda zake. Berlanga alitoka na kuanzisha Dinarama pamoja na Canut. Benavente na Curra wakaingia Parálisis Permanente moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1982 Parálisis wakatoa albamu yao ya kwanza, El acto, kupitia Tres Cipreses, lebo ndogo ya kujitegemea iliyokuwa chini ya mwavuli wa DRO, kampuni iliyoundwa na wanamuziki wenyewe wa Aviador Dro. Hiyo haina taa iliyowashwa hata wimbo mmoja, na wengi wanaihesabu kuwa mlango wa roki ya kigothi katika lugha ya Kihispania. Tarehe 14 Mei 1983, wakiwa safarini kwenda kutumbuiza, gari lao lilipata ajali karibu na Alfaro katika jimbo la La Rioja. Eduardo Benavente alifariki. Alikuwa na miaka 20. Ana Curra alikuwa ndani ya gari hilo na akanusurika.

Pegamoides walipokwisha, Alaska aliwafuata Berlanga na Canut, na kundi likawa Alaska y Dinarama. Canciones profanas ilitoka 1983, Deseo carnal 1984, No es pecado 1986 ikiwa na "A quién le importa", wimbo ambao mashoga na wasagaji wa Uhispania na Amerika ya Kusini waliufanya wao na bado wanauimba. Kati ya 1984 na 1988 Alaska aliendesha kipindi cha watoto cha televisheni, La bola de cristal, na kizazi kizima kikamjua kama dada mkubwa wa Jumamosi asubuhi. Tangu 1989 yeye na Canut wameendelea kama Fangoria. Carlos Berlanga alifariki mwaka 2002.

Sasa unaona kwa nini albamu ilifunikwa. Wanaompenda Alaska huanzia Dinarama, kwa sababu huko ndiko kuna mauzo na sherehe. Wanaopenda panki nyeusi huanzia El acto, na huzuni ya kifo cha Benavente imeipa santuri hiyo heshima ya pekee. Pegamoides wanabaki kuwa aya moja ya utangulizi katika historia mbili zisizosalimiana. Hispavox yenyewe ilinunuliwa na EMI mwaka 1985, na kwa miaka iliyofuata nyimbo za kundi zikawekwa kwenye mikusanyiko halisi, yenye majina yanayokaribiana na la albamu. Mtu aliye Nairobi au Tanga leo akitazama skrini ya simu anaona majalada kadhaa ya kundi moja, yote yakidai kuwa vibao, na hakuna linalomwambia lipi lilikuja kwanza.

Njia ya kuitambua ni mwaka na kampuni: 1982, Hispavox. Matoleo ya baadaye huongezewa nyimbo za singo, na hilo si baya, mradi ujue kwamba zimeongezwa. Ningekushauri usianze nayo. Anza na Kaka de Luxe wa 1978, usikie watoto wasiojua kupiga wakipiga hivyo hivyo. Kisha "Horror en el hipermercado", kisha "Otra dimensión", usikie jinsi mikono ilivyojifunza ndani ya miaka mitatu. Hapo fungua Grandes éxitos na uisikilize yote kwa mpangilio wake, bila kurukia "Bailando". Ukimaliza, weka El acto, na mara baada yake Canciones profanas. Kila sauti utakayoikuta kwenye albamu hizo mbili utakuwa umeshaisikia, zote zikiwa bado nyumba moja.